Usingizi wa Karani

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Waziri ameondoka madarakani. Jana saa nne asubuhi daktari wa mifugo alikuja na sanduku lake, akamchoma sindano ya shingo, na punda wangu wa miaka kumi na tisa akapiga magoti kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka, akalala. Hakurusha hata kwato. Ilikuwa kama ulivyoniandikia: sindano, si kisu. Mchuna ngozi alishapita mara mbili kumtazama kwa jicho la fundi anayepima kitambaa, nikamfukuza. Huyu mnyama nimebeba naye mchanga, maji na makabati ya maharusi wa mtaa mzima, na sikumchapa hata siku moja. Ule mjeledi wa marehemu baba umening'inia ukutani mpaka buibui wamehamia. Ningeanzaje kumalizana naye kwa kisu?

Mguu wake uliooza nilimwachia na bendeji yake, kile kipande cha pazia jekundu la mama. Niliona afadhali azikwe amevaa.

Nimemzika nyuma ya tanuri la matofali lisilowaka tena, pale alipopenda kujigaragaza. Daktari aliacha masharti mengi kuliko dawa, na wewe ulishanipa yako: shimo la kimo cha mtu, mawe juu. Usiwe na shaka, kazi imefanyika. Mgongo wangu ni shahidi.

Karani anakusalimu kwa mkia. Tangu jana anakagua mtaa peke yake, mlango kwa mlango, kama mtoza ushuru anayedai risiti. Mkokoteni sasa nauvuta mwenyewe. Watu wanasema angalau punda mpya anajua kusoma.

Barua nampa utingo wa basi la Jumanne kama kawaida, nawe yako anirudishie Jumatatu. Simu ya huko ranchi kwenu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na wewe hata kiti huwezi kupanda bila kushikiliwa.

Kaka yako,
Msafirishaji

*

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Hapa mbwa wanakufa.

Mvua zilianza tarehe saba, vifo vikaanza tarehe tisa. Wa kwanza alikuwa Kamanda, lile dume la Afande, yule polisi mstaafu wa nyumba ya geti la bluu. Akafuata Hamira wa Mama Mikate. Mpaka leo ni watano. Mbwa anarudi nyumbani akiyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, anatafuta kivuli, analala. Ukimwita, sikio linacheza mara moja. Basi.

Afande amekuwa si mtu wa kusogelewa. Alhamisi alimkamata mwokota vyuma mmoja aliyekuwa anapita zake, akamgonga ukutani mara mbili kabla ya kumuuliza swali, kisha akatueleza kwamba ndivyo taratibu zilivyo. Mwokota vyuma kaacha gunia lake na jino moja. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilitazama viatu vyangu, na nakuambia vinahitaji soli.

Tumeunda Kamati ya Wenye Mbwa. Mwenyekiti ni Afande. Katibu ni mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu inayoandika. Kikao cha kwanza kilikuwa na agenda moja na marungu matatu.

Mtuhumiwa amepatikana. Unamkumbuka yule muuza sumu ya panya, anayepita na sinia kifuani na kipaza sauti, panya mende kunguni, panya mende kunguni, mpaka mtoto mchanga anaujua wimbo huo? Bwana Panya. Amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, mkewe anashona nguo mlangoni. Mwezi uliopita Hamira alimng'ata shavu la mguu, naye akasema mbele ya watu kwamba iko siku mbwa wa mtaa huu watalala wote tuheshimiane. Mama Mikate amekumbuka neno kwa neno. Nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Afande anasema akipata ushahidi kidogo tu atamvunja vidole kimoja kimoja. Nimemuuliza kama na hilo niliandike. Akasema andika.

Karani nimemfunga kamba. Anaitafuna.

Kaka yako,
Katibu

*

Alhamisi, 21 Machi

Kaka,

Nakuandikia nimesimama, ng'ombe wananisubiri kwenye josho. Soma polepole, na soma leo.

Unasema wanayumba, wanalala, hawaamki. Hakuna povu, hakuna damu puani, hakuna kukakamaa? Kama hakuna, hiyo si sumu ya panya. Miaka saba nimeosha sindano na kushika vichwa vya wanyama hapa, nimewaona waliokula sumu ya panya. Hawalali, Kaka. Wanakufa vibaya na wanakufa macho.

Kinacholaza hivyo ni kile kilichomlaza Waziri. Dawa ile haiishi ndani ya nyama. Haiozi, haichujiki na mvua. Ndiyo maana tulikuambia kimo cha mtu na mawe juu. Mbwa akila kipande cha ukubwa wa ngumi, naye analala usingizi uleule.

Swali langu ni moja, nijibu kwa nambari: shimo lilikuwa na kina gani?

Nenda ukalitazame kabla Afande hajamvunja mtu vidole. Na Karani asikate kamba.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 23 Machi

Mdogo wangu,

Karani amelala.

Aliikata kamba jana mchana. Alirudi jioni na kitu mdomoni, takataka tu, nikamnyang'anya nikatupia jikoni ikaungua. Akazunguka mara tatu pale penye gunia lake, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kazini, akalala. Asubuhi nimemkuta mgumu kama ubao. Nimemwosha masikio. Sijui kwa nini masikio.

Nilikuwa na wazungumzaji wawili katika nyumba hii, na wote walikuwa na miguu minne.

Kamati imekaa leo kwa dharura kwangu, na mzoga uko pale mlangoni. Sikuandika kumbukumbu. Kesho baada ya chakula cha mchana tunakwenda kwa Bwana Panya kumuuliza. Ndivyo tulivyokubaliana, kumuuliza. Afande anakuja na rungu lake la kazini. Mama Mikate anakuja na mchi. Mimi nimepangusa buibui kwenye mjeledi wa baba. Mwanaume haendi mikono mitupu kuuliza swali.

Barua yako haijafika, basi ni la Jumatatu. Ikifika nitajibu.

Kaka yako

*

Jumatatu, 25 Machi

Mdogo wangu,

Hii inasafiri pamoja na ile ya Jumamosi. Hii isome ya pili.

Nimepata yako ya tarehe ishirini na moja. Nimeipitia juujuu, nitairudia nikitulia. Hapa kuna mengi.

Jana saa nane mchana watu kama thelathini walifika kwa Bwana Panya. Jua lilikuwa kali, kila mtu alimwona kila mtu. Alitoka na fulana, anatafuna. Afande akamuuliza amewapa nini mbwa wetu. Akasema yeye mbwa hawajui, yeye ni mtu wa panya. Basi akapigwa. Alipigwa mgongoni, akapigwa shingoni, akaanguka juu ya sinia. Kipaza sauti chake kilikanyagwa, kikalia chenyewe panya mende mara moja halafu kikanyamaza. Wako waliocheka. Rungu likampata mdomoni.

Ndipo akainua mkono akaomba kusema. Akasema hivi, nami nimeyaandika kwa kuwa ndiyo kazi yangu:

"Jamani, hii haiui. Ni unga wa ngano na chokaa na rangi ya wino. Haijawahi kuua hata panya mmoja."

Akachana pakiti akaila mbele yetu, damu na unga. Afande akasema moja haitoshi. Wakamshika taya wakammiminia pakiti tano nyingine, na maji ya ndoo. Tukasubiri. Nakuambia watu thelathini walikaa wakimtazama mtu mmoja ili waone kama atakufa, wengine wamechuchumaa wapate kivuli. Hakufa. Alipiga kwikwi.

Ungedhani yameisha hapo. Mama Mikate akasema, "Kwa hiyo miaka mitatu nimekuwa nawanunulia panya wangu chakula." Akamshushia mchi begani. Na hapo, mdogo wangu, ndipo kipigo chenyewe kilipoanza. Watu waliokuja kumpiga kwa kuua wakampiga kwa kutoua. Lilitumika tofali. Mkewe alitoka na mkasi, akasukumwa akaangukia cherehani. Askari wa kituoni walipofika, jicho la kushoto la Bwana Panya lilikuwa halionekani lilipo.

Yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani. Afande amewaelewesha wenzake wa zamani kwamba ule unga ni wa kuzugia na sumu halisi amefichiwa. Leo alfajiri mbwa mwingine amelala, wa mwashi. Afande anasema huo ndio ushahidi kwamba mke anaendeleza kazi ya mumewe. Jumapili hii Afande ana msiba wa shemeji yake, kwa hiyo imepangwa tarehe saba Aprili. Watakwenda kumuuliza mke.

Mimi nilikuwa nyuma na daftari. Mwandiko umepinda kidogo, mkono wa kulia unauma leo.

Kaka yako

*

Alhamisi, 28 Machi

Kaka,

Nimekuuliza kina cha shimo, umenieleza kina cha ndoo ya maji.

Utingo ana macho na mdomo wake hauna mlango. Ananiambia basi lilikuwa limesimama pale kwenye mashine ya kusaga, abiria wote dirishani, na kwamba wa kwanza kabisa kupiga, kabla ya rungu, alikuwa mtu mwenye mjeledi. Mtaa mzima una mjeledi mmoja. Niliukimbia nikiwa na miaka sita, naujua mpaka harufu. Na wewe ndiye uliyekuwa unasimama mbele yangu ili baba akupige wewe.

Sikuandikii kukusuta. Na mimi nina langu. Sindano ni ushauri wangu. Ningemwacha mchuna ngozi achukue nyama yake, mbwa wote hao wangekuwa wanabweka. Nilitaka uone nina akili kuliko wote, msichana wa kuosha sindano anayeandikia watu dawa. Nilitaja kimo cha mtu kwenye mstari wa mwisho, baada ya salamu. Ningekitaja cha kwanza. Ningekuja nikachimba mwenyewe.

Lakini jua hili. Unaweza kwenda kimya kimya ukafukia vizuri, mbwa wataacha kufa, na hakuna atakayejua. Najua umeshalifikiria kwa sababu mimi nimelifikiria. Sasa mfikirie yule mama wa cherehani. Watakwenda kumuuliza kama walivyomuuliza mumewe, naye hana hata unga wa kula mbele yao.

Tarehe saba ni Jumapili. Barua hii inakufikia Jumatatu. Una siku sita.

Kina gani, Kaka?

Mdogo wako

*

Jumatatu, 1 Aprili

Mdogo wangu,

Magotini.

Nilichimba mpaka magotini nikakuta mwamba. Ningeweza kusogea hatua tano nikaanza upya. Mgongo uliuma, kulikuwa na joto, nikamtazama Waziri nikajiambia huyu hakuwa mtu wa makuu. Nikamlaza ubavu nikamfunika, na ule udongo uliobaki nikaufinyanga juu ukapendeza kama andazi. Mawe sikuweka hata moja. Nilikuandikia kwamba mgongo wangu ni shahidi, na shahidi alikuwa wa uongo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa hapo hapo, juu ya kaburi. Mvua imelifungua kama sanduku. Mbavu ziko nje, na mguu mmoja haupo. Nimekaa hapa tangu asubuhi na lundo la mawe ya kurusha. Mbwa watatu wamenizunguka, wamelala kifudifudi kwa adabu kabisa, wananisubiri niende haja.

Sasa nikuambie lile nisilomwambia mtu. Kile alichokuja nacho Karani mdomoni Ijumaa ile hakikuwa takataka. Kilikuwa kitambaa chekundu, pazia la mama. Fundo langu lilikuwa bado liko. Nililiona. Nilikitupa jikoni haraka kama kimeniunguza, na kikaniungulia mbele ya macho, na Karani akiwa anazunguka kwenye gunia lake nilikuwa nimeshajua. Sikujua kwa maneno. Nilijua kama mtu anavyojua mlango uko wazi nyuma yake na hataki kugeuka.

Kwa hiyo hata barua yako isingechelewa, yangekuwa yaleyale. Hilo usijilaumu. Ingenikuta Jumamosi nami ningeipitia juujuu vilevile.

Nilipokwenda kwa Bwana Panya nilikwenda nikijua. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza. Nilihitaji awe yeye. Kila Afande alipofungua mdomo kuuliza, nilihofu yule mtu asije akajibu. Sikuweza kumchapa punda miaka kumi na tisa, na mtu nilimchapa kabla hajameza tonge. Nilimpiga mara moja tu, lakini ile moja ndiyo iliyowafungulia wengine.

Umenisoma vizuri. Nimefikiria kufukia kimya kimya. Nilikuja na koleo, liko hapa kando. Nikachimba kidogo. Kisha nikasikia cherehani ya yule mama, inasikika mpaka huku upepo ukivuma vizuri. Anashona kwa kukimbia, nadhani anataka kumaliza nguo za watu kabla ya Jumapili.

Nitafunika kwa mabati na mawe na kukaa lindo mpaka siku hiyo. Jumapili kamati ikikutana nitasoma kumbukumbu. Katibu ana haki ya kusoma kumbukumbu. Mjeledi nitakwenda nao, nampelekea mwenyewe anayeudai.

Kama Jumanne ijayo hupati barua yenye mwandiko huu, usishangae.

Kaka yako

*

Jumatatu, 8 Aprili

Dada,

Mwandiko huu huujui. Kaka yako ananitajia, mimi naandika, kwa kuwa mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili na wa kushoto anasema hakuupeleka shule. Mimi nina jicho moja na mikono miwili mizima. Tumegawana. Vitanda vyetu vimetenganishwa na kiti, na sasa kwenye kiti kuna utingo anayesubiri barua na kula machungwa yetu.

Kaka yako anasema niandike kwamba hajambo. Hajambo huyu ana mbavu mbili zilizovunjika na kichwa kilichoshonwa nyuzi kumi na moja. Mengine naandika anavyosema.

Anasema alipanda juu ya mkokoteni wake mbele ya mashine ya kusaga, watu wakiwa wamejaa na vitu vyao mkononi, akafungua daftari. Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Agenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, ambazo alisema zina kosa. Agenda ya tatu, aliyeua mbwa ni katibu. Walidhani anatania, kwa kuwa yeye ni mtu wa utani. Ikabidi awaongoze mpaka kwenye tanuri, akaondoa bati. Afande aliangalia muda mrefu. Anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona Afande akivua kofia, na alimvulia punda.

Anasema kisha alimpelekea mke wangu mjeledi, akapiga magoti, akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, huyu wako hakuua. Nilijua. Nipige wewe, waone, yaishe."

Hapa naacha kuandika yake, naandika yangu.

Kwenye barua yake iliyopita, ananiambia, alikuandikia kwamba alinipiga mara moja. Zilikuwa nne. Nilizihesabu mimi, na zilikuwa zangu kuhesabu. Nimemwambia, akasema niandike nne. Nimeandika.

Mke wangu naye alimpiga nne. Hakuzidisha. Aliuweka mjeledi chini, akarudi kwenye cherehani yake. Yangeishia hapo, ila waliobaki hawakujua kuhesabu. Mkono aliuvunja Afande kwa koleo. Mchi wa Mama Mikate ulifanya mbavu. Watu walewale, Dada, na nguo zilezile za Jumapili. Walipochoka kumpiga wakamwaga mafuta ya taa, wakamchoma punda mpaka akawa majivu, kisha wakachimba shimo la majivu hayo hatua tano kutoka kwenye mwamba, kimo cha mtu. Mwashi aliingia kupima. Wanaweza kufanya kazi nzuri wakitaka.

Pingu nilifunguliwa jana hiyo hiyo. Askari alisema samahani akiwa anaangalia funguo.

Kaka yako ananiomba nikuandikie kwamba nimemsamehe, ili usiwe na mawazo. Sijamsamehe. Nimempa tu mto wangu mmoja kwa sababu ya mbavu. Nikitoka hapa sitauza tena ule unga. Mama Mikate amekuja kuniangalia, hakusema pole, alisema panya wake wamekuwa wanene sana, nami ninafikiria kutengeneza mtego wa waya. Kaka yako amesema atanibebea waya kwa mkokoteni mkono ukipona. Nimemwambia tutaona.

Alitaka kuongeza neno kuhusu Karani, lakini amesinzia katikati ya neno. Ni saa nane mchana, jua linampiga usoni, na amelala mdomo wazi. Daktari amesema alale, usingizi ni mzuri.

Nimeshamwamsha mara mbili kuhakikisha.

Aliyekuwa Bwana Panya